Suruali ya Mwiko

Desemba 2, Jumatatu

Sketi ya kitenge, fulana ya kijani, viatu vya yeboyebo. Mvua kubwa kuanzia darajani mpaka mjini. Nguo haifai.

Naanza kuandika kwa sababu nimechoka kurudia kosa. Shule niliishia darasa la tano, lakini kalamu bado inanitii. Kila nikirudi nitaandika nilichovaa kwenye baiskeli na mvua iliyonyesha, mpaka nijue mtu wa kazi ngumu avae nini apande kilima, afike salama, na akifika aweze kushika koleo.

Mimi ni Mbuke, mtu wa Malampaka. Huku kusini nilikuja na mume wangu, tukifuata malisho. Ng'ombe waliisha, ndoa nayo ikaisha, ikabaki baiskeli. Ni ya kiume, ina chuma cha katikati. Naishi kijijini, njia ya Mpitimbi, kwa Bibi Kasiana. Chumba silipii, namlimia mahindi yake siku za mapumziko. Siku nyingine zote niko Songea mjini, pale Majengo, tunajenga fremu za maduka. Mimi ni saidia fundi: nabeba tofali, maji, mchanga, zege. Jioni nikirudi mabega yananiuma hata nikiweka kanga juu yake.

Leo asubuhi Fundi Sixbert, mkuu wetu, mtu wa Muleba, alisimama juu ya rundo la kokoto akasema, "Mabati yakipanda, lipu ya kuta inaanza. Nitachukua saidia mmoja nimfundishe mwiko. Mmoja tu. Namtaka anayefika kabla saruji haijamwagwa."

"Hata mwanamke?" akauliza Edna, mwenzangu wa ndoo, mtu wa Mbinga.

"Kwani mwiko una jinsia?"

"Wa jikoni unayo," akadakia mmoja wa mafundi, watu wakacheka mpaka wakaweka chini makoleo.

Mimi sikucheka. Saidia anazeeka akiitwa "wewe, lete maji". Mwenye mwiko anaitwa fundi hata siku akiwa mgonjwa kitandani. Nautaka huo mwiko.

Desemba 3

Sketi ileile, haijakauka. Manyunyu.

Desemba 6, Ijumaa

Sketi imeingia kwenye cheni.

Ilikuwa kwenye mteremko kabla ya daraja, mahali ambapo huwa nafurahi kwa sababu sikanyagi pedeli. Nilisikia kitu kinanivuta chini kama mtoto anayetaka kunyonya. Kisha niko mtaroni, baiskeli juu yangu, gurudumu linazunguka. Kitenge kimemezwa mpaka kwenye paja. Nilivuta, nikazungusha pedeli kinyume, wapi. Mwisho nikachana. Nilijifunga kanga niliyokuwa nimefunikia chakula, nikaenda huku nanuka maharage.

Nilipofika zege lilikuwa limeshakorogwa.

"Mbuke," akasema Fundi Sixbert bila kunitazama, "kwako kuna saa?"

"Ipo, Fundi. Sketi imeingia kwenye cheni."

"Sketi yako sijaiajiri. Hiyo ya kwanza. Ya pili nitakuonya tena. Ya tatu mwiko ni wa Edna."

Edna akaja na ndoo yake kichwani, akaniinamia kwa heshima ya uongo. "Mwangaluka, mama! Kumbe huyo ng'ombe wako wa chuma anakula na nguo?"

Hilo neno la Kisukuma nilimfundisha mwenyewe. Nikamjibu vizuri kwa sababu salamu ni salamu, lakini moyoni nilimtukana.

Desemba 11

Kanga mbili, moja juu ya nyingine, nimezifunga kwa kamba kiunoni. Upepo. Chuma cha katikati hakipatani na kanga: ukipandisha mguu, kanga inafunguka kama pazia. Vijana wa bodaboda pale njia panda wamepiga miluzi. Mmoja ameniita shangazi halafu akapiga mluzi hivyohivyo. Sitarudia.

Desemba 14, Jumamosi

Nimenunua suruali ya jinzi kwenye mitumba, nyeusi, imenikaa mwilini kama niliagiza. Nimeijaribu nikiwa nimesimama, nyuma ya kitambaa alichoshika muuzaji. Nimejitazama kwenye kioo cha gari lililoegeshwa. Nimejiona mtu.

Desemba 16

Jinzi. Jua. Nimekuwa wa kwanza kufika, kabla hata ya mlinzi kufungua geti. Fundi amenikuta nachekecha mchanga. Alitazama saa yake.

Desemba 17

Jinzi. Mvua ya kutwa. Ikilowa inakuwa nzito kama gunia la mbolea, na ule mshono wa katikati unakata. Nimerudi natembea kama bata. Usiku haikukauka.

Desemba 18, Jumatano

Leo nina mengi, ingawa macho yanajifumba.

Nilivaa jinzi ikiwa bado mbichi, ikalowa tena. Niliporudi jioni Bibi Kasiana alikuwa amekaa barazani na mgeni, dada yake mkubwa, aliyetoka Peramiho kuja kumwona. Mzee hasa, mkono wake ukitetemeka juu ya fimbo. Nikashuka kwenye baiskeli palepale kwenye kona ya nyumba, maana hata kwetu humsalimu mkubwa ukiwa juu ya baiskeli. Nikaenda mbele yao nipige goti.

Goti halikukunjika.

Jinzi ilikuwa imenigandia mapajani kama ngozi ya ngoma. Nilijaribu mguu wa kulia, nikasikia mshono unalia. Nikajaribu wa kushoto. Nikaona nikilazimisha itachanika nyuma mbele ya hao wazee, na hiyo itakuwa aibu kubwa zaidi. Basi nikainamisha kichwa, nimesimama, nikasema, "Shikamoo Bibi, shikamoo mama mkubwa."

Mgeni hakuitikia. Alimgeukia mdogo wake, akasema jambo kwa Kingoni. Kingoni sijui, lakini sauti ya mtu anayeuliza "huyu ni nani anayekaa kwako?" haihitaji mkalimani.

Bibi Kasiana akanitazama kutoka miguuni mpaka kiunoni. Akasema polepole, "Mbuke. Hiyo suruali, humu kwangu, ni mwiko."

Nikasema sawa, Bibi, nikaenda chumbani.

Ningekuwa na nguvu ningecheka. Mwiko mmoja naufukuzia mjini, na mwiko mwingine unanifukuza nyumbani, na yote miwili inataka niamue nivae nini asubuhi.

Desemba 25

Sikukuu. Bibi amenipa kipande cha kuku, akaniwekea mbele yangu bila maneno. Nilivaa gauni. Nilipiga magoti yote mawili. Aliitikia "marahaba" fupi.

Januari 8, Jumatano

Nimerudia sketi wiki nzima, nimeipandisha na kuifunga fundo. Leo fundo limefunguka kilimani, nikashuka, nikafunga, likafunguka tena. Nimechelewa. Fundi Sixbert ameinua vidole viwili juu, watu wote wakaviona. Edna alikuwa ameshashika koleo.

Januari 9

Nimepata akili mbaya. Natoka nyumbani na sketi, jinzi iko kwenye mfuko wa nailoni. Nikifika kwenye mahindi ya watu, mbali na nyumba, naingia katikati navaa suruali. Jioni naingia tena navaa sketi. Mahindi yamenifika kifuani. Mwanamke wa umri wangu, anavua nguo shambani kama mwizi.

Januari 10

Vilevile. Mwenye mahindi amepiga kelele, "Nani huyo kwenye mahindi yangu?" Nimekimbia na baiskeli, zipu iko wazi.

Januari 11, Jumamosi

Tumetoka kazini mapema, nimekwenda kwa fundi Majidi, anayeshona kwenye baraza ya duka la mabati hapo Majengo. Mke wake Ashura ndiye anayewapima wanawake. Majidi mwenyewe anabaki kwenye cherehani, anatazama upande wa barabara na kuandika namba anazotajiwa.

Nikamwambia ninachotaka. "Nataka nguo nikisimama ionekane sketi, nikipanda baiskeli iwe suruali. Isiingie kwenye cheni. Ikilowa ikauke upesi. Na nipige nayo goti mpaka chini, magoti mawili, bila kusikia mshono unalia."

"Dada," akasema Majidi, "unataka suruali au unataka hema?"

"Nataka suruali pana."

"Bwanga, basi. Kitambaa?"

Hapo tulibishana. Yeye alitaka kaki, anasema kaki ndiyo kitambaa cha kazi. Nikamwambia kaki ikilowa inakuwa ubao. Kitenge kinanata. Mwisho Ashura akatoa tetroni, ile ya sare za shule, akaimwagia maji ya kikombe, akaikung'uta, akaipepea. Kabla hatujamaliza kubishana ilikuwa imekauka. Rangi nilichagua mwenyewe: nyekundu ya udongo, kama udongo wa barabara yetu. Uchafu ukija hautaonekana mgeni.

Ashura alipotaka kunipima nimesimama nikamkatalia. "Jinzi niliijaribu nikiwa nimesimama, ikanidanganya. Nipime juu ya baiskeli." Majidi akacheka mpaka akakanyaga cherehani bure. Basi nikapanda, nikashika nguzo ya baraza, Ashura akapita na futi yake kiunoni, pajani, kwenye goti likiwa juu, kwenye goti likiwa chini. Wapita njia wakasimama. Mmoja akauliza, "Jamani, siku hizi baiskeli nazo zinashonewa nguo?"

"Mifuko?" akauliza Majidi.

"Mmoja. Hapa pembeni ya paja, mrefu, imara."

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Mrefu hivyo wa nini? Wa kubebea samaki?"

"Wa mwiko."

"Wewe ni fundi?"

"Bado."

"Mwiko unao?"

"Sina."

Akaandika mfuko chini ya namba zake. Kisha akasema, "Basi nitaushona mara mbili. Mwiko una ncha."

Januari 18, Jumamosi

Nimechukua bwanga. Pana, inaanguka vizuri, nikisimama ni sketi kabisa. Mfuko uko pajani, mtupu. Nimeweka mkono ndani njia nzima.

Januari 20

Imechanika. Nilipopandisha mguu kuvuka kile chuma, katikati ya miguu ikalia kwa sauti ambayo hata mbuzi wa jirani aligeuka. Na chini ni pana mno, cheni imeshaionja. Nimefika kazini kwa wakati kwa sababu nilisukuma baiskeli huku nakimbia, nimejifunga kanga juu. Edna ameuliza kama nimevaa mapazia ya ukumbi.

Nimechoka. Sioni aibu kuandika hivyo.

Januari 21

Mvua. Homa kidogo. Nimekwenda.

Januari 26, Jumapili

Leo nimeifua ile bwanga, nikaianika nyuma ya nyumba, mahali ambapo Bibi hapiti. Kumbe leo alipita, anatafuta kuku. Nikamkuta ameishika, ameingiza ngumi yake kwenye tundu la katikati.

Nikapiga magoti hapohapo kwenye matope. "Bibi, nisamehe. Ulinikataza suruali."

"Nani alikukataza suruali?"

"Wewe, Bibi. Ulisema ni mwiko."

"Nilisema *hiyo* suruali." Akatikisa kichwa. "Nyeusi ile, iliyokubana kama soseji. Dada yangu ametembea umri huu wote, amefika kwangu, anasalimiwa na mtu aliyesimama kama nguzo ya umeme! Ningesema nini? Hata ungekuwa umevaa gauni la harusi, kama halikunji goti, kwangu ni mwiko."

 Nilifikiria yale mahindi ya watu.

"Na hii," akaendelea, "imeshonwa na mtu ambaye hajawahi kuinua mguu wake. Njoo."

Aliniingiza chumbani kwake, mahali ambapo sijawahi kufika. Chini ya kitanda akavuta sanduku la bati. Ndani, juu kabisa, kuna kaptura nyeupe, imepigwa pasi, mistari yake bado inakata. Ya marehemu mume wake, Alfonsi, mtu wa Nyasa. Alikuwa anacheza mganda: wanaume mistari mistari, mashati meupe, kaptura nyeupe, soksi ndefu, wanainua magoti pamoja mpaka kifuani, na hakuna nguo inayochanika.

"Mimi ndiye nilikuwa naipiga pasi," akasema. "Pasi ya mkaa. Tazama hapa."

Akageuza kaptura nje ndani. Kiunoni kuna malinda manne mazito, yanafunguka goti likipanda na kufunga likishuka. Na katikati ya miguu, mahali pale pale yangu ilipochanika, kuna kipande cha pembe nne kimeshonewa ndani, kama kiraka lakini siyo kiraka. Nguo haivutwi huku wala huku.

"Na chini?" nikauliza. "Cheni je?"

Akafikiri. "Alfonsi alikuwa na soksi. Wewe weka vifungo."

Aliniazima ile kaptura nimpelekee Majidi. Aliikunja kwa kitambaa safi, akaifunga kwa uzi. Mlangoni akasema, "Ukiilowesha, usirudi."

Januari 27

Nilibeba kaptura ya marehemu kifuani, ndani ya nailoni mbili, chini ya koti. Mvua ilinyesha. Mimi nililowa, yeye hakulowa.

Majidi ameigeuza, amekigusa kile kipande cha katikati, akamwita Ashura. "Njoo uone kazi." Hakunitania hata kidogo.

Februari 3, Jumatatu

Suruali ya tetroni, nyekundu ya udongo, Majidi ameishona upya. Malinda manne kiunoni. Kipande cha pembe nne katikati. Vifungo viwili kwenye kila kifundo cha mguu: nikipanda nafunga, nikishuka nafungua, inaanguka kama sketi. Fulana ya pamba chini, shati la mikono mirefu juu, koti la mvua kwenye keria. Viatu vya raba, yeboyebo nimeviacha.

Asubuhi kabla ya kuondoka nilikwenda kwa Bibi, nikamrudishia kaptura ikiwa kavu. Nikapiga magoti yote mawili, mpaka chini, polepole, nikakaa hapo hata baada ya kusema shikamoo ili aone. Malinda yalifunguka kama mkono.

"Marahaba, mwanangu," akasema. Halafu akaniambia, "Simama. Kaa tena." Nikakaa tena. "Alfonsi angecheka," akasema, akaingia ndani.

Kilima cha darajani nimekipanda nimekaa, sikushuka. Mvua ilininyeshea njiani, na kufika Majengo mapaja yalikuwa makavu. Nimekuwa wa kwanza getini. Andiko langu la leo ni refu kwa sababu nina furaha, na furaha siandiki mara nyingi.

Februari 4

Ileile. Mvua. Inafaa.

Februari 5

Ileile. Inafaa.

Februari 14

Fundi mmoja ameniuliza mfuko mtupu pajani ni wa nini. Nimemwambia ni wa mgeni anayekuja. Edna akasema, "Mgeni huyo anakuja kwangu."

Edna si mtu mbaya. Anakaa karibu, anatembea kwa miguu, hajachelewa hata siku moja. Kama ningekuwa Fundi Sixbert ningempa yeye.

Februari 27

Mji umejaa wageni wa kumbukumbu ya Majimaji. Mabasi kila mahali. Nimepita katikati yao na suruali yangu nimenyoosha mgongo.

Machi 11, Jumanne

Nitaandika taratibu, ili nisiongeze.

Nilitoka mapema. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha barabara uji. Baada ya daraja, kwenye njia nyembamba kati ya mashamba, niliona watu wanakuja upande wangu. Wengi, kimya, wanaume mbele. Kisha nikaona jeneza mabegani.

Nilikuwa na nafasi. Ingewezekana kupita pembeni, kwenye majani, kimyakimya, na pengine wasingenijua, mimi ni mgeni huku. Nilikuwa bado na wakati mzuri, lakini si wa kupoteza. Na nikichelewa ya tatu, mwiko ni wa Edna. Hilo lilikuja kichwani kabla hata sijafikiria marehemu ni nani, nasema ukweli.

Nikashuka. Nikalaza baiskeli mtaroni. Nikafungua vifungo vya miguu, suruali ikaanguka, nikapiga magoti yote mawili kwenye matope, kichwa chini. Walipita polepole, njia ilikuwa inateleza, wakibadilishana mabega. Mara wakasimama kabisa mbele yangu kwa sababu mmoja aliteleza. Nikabaki chini. Baadaye wakaja wanawake, wakilia kwa sauti ya chini, na mmoja wa mwisho, mzee, alinigusa bega akipita akasema, "Asante, mama." Simjui. Sikujua nimelia mpaka nilipoinuka.

Nilipanda, nikakanyaga mpaka kifua kikawaka. Nilipofika saruji ilikuwa imeshamwagwa, maji yameshamwagwa, Edna ameshazungusha koleo.

Fundi Sixbert alisimama getini. "Ya tatu," akasema.

"Ndiyo, Fundi."

"Cheni?"

"Hapana. Nimepisha msiba."

"Kila anayechelewa ana msiba," akasema fundi mmoja nyuma yake.

 Nimechoka kujitetea kwa watu. Fundi Sixbert akanitazama, na nikaona macho yake yakishuka, yakasimama kwenye magoti yangu. Udongo wenye maji, umekolea kuliko kitambaa, duara mbili, moja kila goti, zinalingana. Ubavuni suruali ilikuwa safi.

Alitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akasema, "Chukua ndoo."

Basi. Hakusema ya tatu imekwisha au imebaki. Nimebeba maji kutwa nzima bila kujua.

Machi 12

Ileile. Nimekuwa wa kwanza. Fundi hajasema kitu.

Machi 19

Ileile. Hajasema.

Machi 24

Mbao za paa zimefika. Edna anaimba akiwa na ndoo kichwani. Mimi nimekoma kuingiza mkono mfukoni.

Aprili 3, Alhamisi

Mabati yamepanda. Bati la mwisho limegongwa jua likiwa kali, baada ya siku nyingi za mawingu, paa lote likametameta mpaka watu wa barabarani wakakinga macho. Tumekunywa soda.

Fundi Sixbert akatuita mimi na Edna nyuma ya jengo, kwenye ukuta ule mrefu unaotazama mtaro. Alikuwa na mwiko mkononi. Mpini wake una utepe mwekundu.

"Edna," akasema, "hujachelewa. Nakujua."

Edna akanyoosha mkono. Mimi nikatazama chini.

"Ngoja. Ukuta huu, sehemu ya chini, kuanzia hapa mpaka kwenye msingi. Mafundi wangu wote wanaukimbia. Unajua kwa nini?"

"Kuinama," akasema Edna.

"Wanainama dakika mbili, kiuno kinauma, wanaacha lipu ya mawimbi. Kazi ya chini inataka mtu apige magoti asubuhi ainuke mchana. Jinzi haiwezi. Edna, piga magoti hapo."

Edna alikuwa na sketi nyembamba. Alijaribu, akashika ukuta, akacheka. "Fundi, unataka nichanike mbele za watu?"

"Mbuke."

Nikapiga magoti. Sikuhitaji kushika ukuta. Malinda yalifunguka, nikakaa juu ya visigino kama niko kwa Bibi barazani.

Fundi Sixbert akachuchumaa akaja usawa wangu. "Siku ile ya msiba nilitaka kukuondoa. Lakini anayeanguka anachafuka ubavu. Hakuna anayeanguka akachafuka magoti mawili sawasawa. Kwetu Muleba mama yangu alikuwa anarudi na madoa kama hayo kila akitoka kwa wakwe." Akanipa mwiko. "Nimekuhesabia ulikuja mapema. Anza hapa. Usibonyeze, vuta."

Nilivuta. Lipu yangu ya kwanza ilianguka yote miguuni. Ya pili ikaanguka nusu. Ya tatu ikabaki ukutani, ikaniangalia.

Edna alikuwa amesimama nyuma yangu na ndoo. Nilifikiri atasema neno la kuuma. Akauliza, "Kwa huyo Majidi, wanapima mpaka uwe na baiskeli?"

"Hapana."

"Basi mwambie nakuja. Kwanza suruali, baiskeli nitaitafuta baadaye." Halafu akanimwagia lipu karibu na goti. "Haya, fundi. Sasa 'lete maji' utasema wewe."

Aprili 5, Jumamosi

Nimepita kwa Majidi kumwonyesha. Ameuchomoa mwiko mfukoni, akaurudisha, akauchomoa tena, anasikiliza kama mshono unalia. Haulii. Anasema wanawake watatu wa sokoni wameshakuja kuuliza, na hawajui waiite nini, wanasema tu, "Ile ya mwiko." Ameshaandika ubaoni kwa chaki: SURUALI YA MWIKO INAPATIKANA. Ashura akaongeza chini yake: UNAPIMWA UKIWA UMEKAA.

Nimerudi kijijini jua likiwa bado juu, nafunga breki kwenye mteremko bila sababu, kwa kujisikia tu. Magoti yananiuma kwa maumivu mapya, si yale ya kubeba. Kucha zina saruji.

Bibi Kasiana alikuwa barazani anapukuchua mahindi mabichi. Nikashuka kwenye kona, nikafungua vifungo, nikaenda nikapiga magoti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Kisha akasikia kitu kimegonga sakafu ya baraza, chuma. Akaelekeza kidole kwenye paja langu. "Na hicho?"

"Mwiko, Bibi."

"Wa ugali?"

"Wa ukuta."

Akanyoosha mkono. Nikauchomoa nikampa kwa mikono miwili. Akaupima uzito, akapitisha kidole gumba kwenye ncha, akautazama upande wa pili kama anatafuta uso wake. Akanirudishia.

"Ukuta wa jiko langu umebanduka tangu Alfonsi," akasema, akarudi kwenye mahindi yake. "Kesho baada ya misa, fundi."